Kodi Iliyoliwa Matangani

Ukipita Temeke, nyuma ya soko, utaikuta nyumba ya vyumba sita yenye paa la bati, isipokuwa pembe moja ya mbele iliyoezekwa makuti. Wapita njia huicheka. Husema mwenyewe aliishiwa fedha njiani, au ni ubahili tu, mwanamke ana bati za kuwafunika wapangaji na yeye analala chini ya makuti kama yuko shamba. Mie nawaambia, chekeni, mkimaliza mje niwaeleze, maana hamjui mnachokicheka.

Mwenye nyumba hiyo ni Mwajabu, mke wa marehemu Mwishehe. Mwishehe alikuwa mpakuzi wa shehena gatini, mtu wa mabega mapana na maneno mengi. Tangu waoane walikuwa wakipanga chumba Kariakoo, na hawakujaliwa mtoto. Siku moja Mwishehe alirudi kutoka kazini, akavua shati, akasema amechoka kumnenepesha mwenye nyumba.

"Zile tulizompa, Mwajabu, zingekwisha kuwa ukuta. Na sie tujenge, tupangishe wenzetu."

Wakati huo serikali ya Mwingereza ilikuwa ikigawa viwanja Temeke, nako kulikuwa minazi na vichaka vitupu. Mwajabu alikuwa akiuza vitumbua asubuhi na kucheza upatu na wanawake wenzake. Zamu yake ya upatu ilipofika, fedha yote ikaingia kwenye kiwanja, na kiwanja kikaandikwa jina lake. Boriti na fito walinunua kidogo kidogo, kila mshahara na mzigo wake. Udongo walichimba pale pale uani, na waliokuja kuutomea kwenye fito walikuwa ndugu na jirani, ujira wao wali wa mchana. Kuta zikasimama bila mtu kudaiwa hata senti.

Likabaki paa, na hapo ndipo walipogombana.

Mwajabu alitaka makuti. "Makuti hayana deni," alisema. "Tuezeke, tuhamie, tupangishe. Bati tutaweka tukipata."

"Wee! Karani gani atalala chini ya makuti na suti yake? Chumba cha makuti shilingi nane. Cha bati kumi na tano. Vyumba vitano vya wapangaji, haya, piga mwenyewe."

Mwajabu akapiga kwa vidole. Moyo wake ulikataa, ila akaona aibu kuugombea moyo mbele ya hesabu iliyokwisha kutimia.

Basi wakaenda kwa Kasamali, mwenye duka la mabati na misumari. Kasamali akawapa bati za nyumba nzima, walipe shilingi arobaini na tano kila mwezi, kwa sharti moja tu. Miezi miwili ikipita kwa mfululizo bila malipo, yeye anakuja na ngazi, anateremsha mali yake. Kiwanja hakukitaka, wala kuta.

"Udongo wenu nitaufanyia nini mie?" alisema huku akitafuna tambuu.

Walipohamia, Mwishehe alivipa vyumba majina. Wao wawili walichukua cha mbele, mkono wa kulia ukiingia. Vitatu aliviita vya Kasamali, maana kodi yake ilikwenda moja kwa moja kulipia bati. Cha nne alikiita cha serikali, kwa sababu ya kodi ya kiwanja. Cha tano alikiita cha nyumba yenyewe.

"Nyumba ya udongo inakula," alimwambia mkewe. "Kila mwaka inataka kukandikwa, choo kinajaa, milango inaliwa na mchwa. Nayo tuilishe."

"Na sie tutakula nini?"

"Mshahara wangu na vitumbua vyako. Kodi ya nyumba si ya kula. Na tena kila mwezi, Mwajabu, hesabu chumba kimoja kitupu."

"Kitupu kipi, na vyote vina watu?"

"Hata vikiwa na watu. Kimoja kitupu kipo tu, ila hujui ni kipi."

Mwajabu alimcheka mpaka akashika ubavu, mwanamume mzima anahesabu chumba kisichokuwepo! Akawahadithia na wateja wake wa vitumbua, nao wakacheka.

Wapangaji wanne walikuwa watu wa pwani, wa gatini na wa sokoni, wenye kulipa kwa kelele na mzaha. Wa tano alikuwa Gaudens, kijana Mhaya, Mkristo, karani wa ghala moja la kahawa mjini, mwenye adabu mpaka inachosha. Siku ya kodi alizifunga noti zake katika kipande cha gazeti, akakikunja na kukikunja tena mpaka kikalingana na kiberiti, kisha akamkabidhi Mwajabu kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama," akasema, akaondoka kinyumenyume. Mwajabu alikuwa akimtania kwamba siku moja atakizungushia na uzi.

Mambo yakaenda hivyo vizuri mwaka mzima na zaidi. Kisha Mwishehe akaanguka gatini kwa kifua. Alilala ndani wiki baada ya wiki, akakohoa, akakonda, mabega yale yakabaki mifupa. Mshahara ulikatika. Vitumbua vikasimama, maana nani angevikaanga na mgonjwa hageuki bila kugeuzwa? Ile kodi isiyo ya kula ikaliwa na maradhi, mwezi mzima, ikaisha. Mwajabu akaenda kwa Kasamali kumweleza.

"Mwezi huu nimevumilia," alisema Kasamali. "Mwezi ujao, tafadhali, usinifanye nije na ngazi."

Mwezi huo ulipokuwa unakwisha, na mawingu ya masika yameanza kujikusanya, Mwishehe alifariki.

Mwajabu hakulia. Wanawake walijaa chumbani kumsubiri alie ili nao wapate kumliwaza, naye amekaa mkekani katika nguo zake nyeupe za eda, anatazama ncha ya mkeka. Maneno aliambiwa, hakuyapokea. Chai ya moto aliishika kikombe kizima mkononi, hakushtuka.

"Mwajabu hasikii," walinong'ona.

Shangazi yake, Bi Zuena, ndiye aliyekuja kumkalisha eda. Ni mwanamke mfupi, mwenye ulimi mrefu kuliko yeye mwenyewe. Alimshika bega akamtikisa. "Lia, mwanangu. Lia hata kwa uongo, moyo utafuata."

"Sina, shangazi," alijibu Mwajabu, kama aliyeombwa chumvi na jirani.

Na kweli hakuwa nayo. Alijitafuta ndani akakuta ganzi, toka kooni mpaka tumboni. Alijua kwamba mumewe amekufa namna ile ile alivyojua kwamba leo ni Jumanne.

Eda ya mjane, kwa Waislamu, ni miezi minne na siku kumi. Hatoki nyumbani kwa mumewe, wala wanaume wasiokuwa maharimu wake hawamwoni. Basi mlangoni pa chumba cha mbele likatundikwa pazia, na nje ya pazia, ukumbini, wakakaa wanaume wa matanga. Katikati yao iliwekwa sahani ya ubani, kila anayekuja kutoa pole adondoshe alichojaliwa. Watu walitoa sumni, mwenye nacho alitoa shilingi, na hakuna aliyehesabiwa. Mkaa sahani alikuwa Kondo, mdogo wake Mwishehe, mtu wa sauti kubwa na kupenda shughuli, ambaye hata harusini hualikwa ili asije akajialika.

Jioni moja akaingia Gaudens, ametoka kupokea mshahara. Alisimama, akaitazama sahani, akalitazama pazia. Kisha akainama, na kwa mikono yake miwili akakiweka kijigazeti chake katikati ya zile sumni.

Kondo akakifungua pale pale, ufidhuli mtupu.

"Loo! Kumi na tano! Jamani, mnaona? Mhaya huyu, Mkristo, si wa kabila letu wala wa dini yetu, kamtolea kaka yangu ubani wa shilingi kumi na tano! Na nyie?"

Gaudens akafungua mdomo, akaufunga. Watu walikuwa wamekwisha kumshika mkono, wengine wanamwombea dua, mzee mmoja amemkumbatia kabisa. Wapangaji wanne waliokuwa wamekaa pale wakatazamana. Wao ndugu wa pwani, wao majirani wa marehemu, waonekane bahili mbele ya mgeni wa bara? Wa kwanza akainuka akaenda chumbani kwake akarudi na kumi na tano. Wa pili akamfuata. Kabla ya magharibi, kodi ya vyumba vyote vitano ilikuwa sahanini.

Mwajabu aliona. Pazia lilikuwa na upenyo, na macho yake yalikuwa hapo hapo. Kile kijigazeti alikijua, amekipokea mara ngapi kwa mikono yake! Alijua kwamba yule kijana ametoa kodi, hakutoa ubani. Maneno alikuwa nayo, yamekwisha kujipanga mdomoni: Kondo, hiyo ni kodi, iweke kando. Angesema kwa sauti ya kawaida tu, Kondo angesikia.

Ulimi haukunyanyuka. Hakuogopa, wala hakuona haya. Alizitazama zile noti zikiingia sahanini kama mambo ya nyumba ya watu wengine. Akafumba macho.

Kwa fedha hiyo Kondo akanunua mbuzi wawili. Akanunua mchele gunia zima, na samli, na viungo, akaita na wapishi kutoka Mbagala. Hitima ilisomwa, pilau likaliwa, watu wakajilamba vidole wakasema marehemu alikuwa na bahati ya ndugu. Mwajabu aliletewa sahani yake imefunikwa kawa. Aliirudisha ilivyo.

Ikafika siku ya kodi. Hakuna mpangaji aliyepiga hodi. Bi Zuena akajifunga kanga, akapita mlango kwa mlango, akarudi anatweta kwa hasira.

"Wanasema wametoa! Kila ninayemwuliza, 'Bi Zuena, si nilitoa matangani? Nitoe mara mbili, mie nina gati langu?' Ubani wa shilingi kumi na tano, nani aliwatuma? Na huyo Kondo wako, mbuzi wawili! Mmoja alikuwa na kosa gani?"

"Basi," alisema Mwajabu.

"Basi nini?"

"Basi tu, shangazi."

"We Mwajabu, unanisikia lakini? Masika haya yanaingia. Huyo Kasamali akiezua vyumba vya wapangaji, usiku huo huo wamehama. Kuta za udongo bila paa, mvua moja tu, zote chini. Wapangaji huna, nyumba huna, na uko edani, huna pa kwenda. Utakaa wapi, mwanangu?"

Mwajabu alisikia kila neno kwa masikio. Alijaribu kuogopa. Hofu nayo haikuja.

Kasamali alikuja asubuhi, na mafundi wawili, na ngazi. Si mtu mbaya, tusimsingizie. Alivua kofia ukumbini, akatoa pole ndefu kwa pazia, akasema Mwishehe alikuwa mtu wa haki. Kisha akakohoa.

"Lakini miezi miwili imepita, Mwajabu. Na mie nadaiwa hizo bati na wakubwa zangu. Sitachukua zote. Nitateremsha za kufidia miezi miwili, zinazobaki tutaendelea kulipana. Nianzie huku uani, vyumba vya nyuma."

Vyumba vya nyuma vilikuwa na wapangaji. Mmoja wao alikuwa amesimama pale pale na mswaki mdomoni, uso umemsawajika. Bi Zuena alianza kumwapiza Kasamali na ukoo wake. Nyuma ya pazia sauti ikatoka, kavu, haina kupanda wala kushuka.

"Bwana Kasamali, bati za chumba hiki nilichomo zinafika miezi miwili?"

Kasamali akatoka nje, akaangalia juu, midomo inahesabu. Akarudi.

"Zinafika."

"Basi teremsha hizi."

"Una wazimu?" Bi Zuena alipiga kofi mapaja. "Chumba chako cha eda! Utakaa juani?"

"Vyumba vingine vina watu wanaolipa, shangazi. Hiki hakilipi. Mwishehe alisema kimoja nihesabu kitupu, nikamcheka. Ndicho hiki."

Kasamali aliitazama kofia yake.

Ikabaki ile shida ya mafundi. Wakipanda juu watamwona mjane aliye edani, na chumba cha kumhamishia hakuna, vyote vina wanaume. Bi Zuena akamlaza kitandani, akamfunika shuka nyeupe toka nyayo hadi utosini. Alipomaliza akarudi nyuma akaziba mdomo, maana ndivyo alivyolazwa Mwishehe, kitanda hicho hicho.

"Jigeuze ubavu, mwanangu. Usilale hivyo, unanitisha."

Mwajabu akajigeuza. Juu yake misumari ikaanza kulia ikichomolewa, bati zikakwaruzana zikishushwa, mafundi wakiambizana "shika, teremsha, pole pole". Huko nje Bi Zuena alimpata wa kummalizia hasira. "Kondo! Kafuate makuti, upesi, kwa fedha yako! Na ukirudi na mbuzi nitakuonyesha!"

Chini ya shuka, jua likamfikia. Lilianza begani, likashuka mgongoni, likakaa. Mwajabu alikuwa amelala upande wa Mwishehe, akanusa jasho lake lililobaki kwenye godoro, mafuta ya kuchua, kikohozi. Akasikia joto. Alishangaa kwamba amelisikia.

Gaudens alirudi kutoka kazini jioni. Alisimama njiani na baiskeli yake, akaitazama ile pembe, fito zimebaki wazi kama mbavu. Makuti yalikuwa yamelundikwa barazani yangoje mwanga wa kesho. Kijana akaingia ukumbini, akapiga magoti mbele ya pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, mimi ndiye niliyekuharibia. Ile haikuwa ubani. Ilikuwa kodi." Sauti ilikuwa ikimkatika. "Niliambiwa kwamba uko edani, mwanaume hakuoni. Nikaikuta sahani mbele ya mlango wako, ina fedha. Nikadhani imewekwa hapo ili sisi wapangaji tulipie. Kwetu mjane hana sahani. Bwana Kondo aliponitangaza niliona haya, wazee wananishukuru, nikashindwa kusema. Nimekuwa nikinyamaza siku zote hizi, na sasa nimekuta umeezuliwa nyumba."

"Nilikuona," alisema Mwajabu.

"Mama?"

"Nilikuona ukikiweka. Kijigazeti chako nakijua. Nilijua ni kodi."

Kijana akainua uso. Hakukasirika, alistaajabu tu, akauliza kama mtoto anavyouliza. "Mbona hukusema, mama?"

Mwajabu akafungua mdomo ajibu. Kikatoka kilio. Kilitoka kibaya, cha sauti nzito, kikapita juu mahali palipokuwa na bati, kikaenda barazani, uani, kwa jirani. Aliita jina la Mwishehe. Alimlaumu kwa bati zake, kwa hesabu zake, kwa kumhesabia kila chumba na kumwacha yeye bila hesabu. Wapangaji wakatoka vyumbani wakasimama ukumbini. Bi Zuena akaingia ndani ya pazia, akamshika, naye akilia machozi yake mwenyewe. "Ndivyo," alisema, "ndivyo, mwanangu, toa."

Kesho yake wapangaji watano na Kondo walipanda juu wakaezeka makuti kabla ya kwenda kazini. Mvua ilinyesha jioni. Ilivuja kidogo pembeni, ukuta ukasimama.

Mwezi ukaisha, ikafika siku ya kodi. Mwajabu alikuwa bado edani, mkekani, pazia mbele yake. Akasikia viatu ukumbini, akaona kijigazeti kinasukumwa chini ya pazia, kimekunjwa vile vile kama siku zote, lakini safari hii kimezungushiwa uzi. Kisha Gaudens, yule kijana wa kuongea chini chini, akapaza sauti nyumba nzima imsikie.

"Mama! Hii ni kodi! Kodi ya nyumba!"

Uani mtu alicheka. Nyuma yake wakafuata wengine wanne, kila mmoja na tangazo lake, kodi, kodi, kama wanaonadi samaki. Mpaka leo wapangaji wa nyumba ile hulipa hivyo. Deni la Kasamali lilikwisha, naye mwenyewe alimletea Mwajabu bati kwa bei ya chini kuziba ile pembe. Hakuzitaka; makuti, alisema, hayana deni.

Siku ile, alikiokota kile kijigazeti, akaufungua uzi taratibu. Kifua kilikuwa kikimuuma, kinamuuma kwelikweli, mahali palipokuwa na ganzi.

"Nimesikia, mwanangu," alisema. "Nimesikia."